Karani Aliyeirusha Roketi Yangu

Nimewahi kuwaonea wivu watu wengi, na sababu zake zilikuwa za kueleweka: gari, nyumba, cheo, mke anayecheka upesi. Lakini niliyemwonea wivu kuliko wote alikuwa mama mmoja Mkongomani wa Bukavu, mfupi, mwenye goti bovu, aliyetunza mafaili ofisini kwetu. Tulimwita Karani. Hata yeye mwenyewe akipiga simu alijitambulisha hivyo: "Ni Karani wa roketi." Upande wa pili nilisikia watu wakifurahi. Mimi nikipiga namba ile ile niliambiwa nisubiri, kisha muziki, kisha laini inakatika.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, watu tisa ndani ya ghala la zamani pale Newtown, Johannesburg. Tulikuwa tunaunda roketi ya majaribio, nyembamba, ndefu kama nguzo ya taa. Bosi alikuwa mzaliwa wa hapa hapa, mtu mwema mwenye haraka. Mchomeleaji alikuwa Mtanzania wa Tanga, mdomo wake mkali kuliko moto wake. Mimi ni Mkenya, na injini ilikuwa yangu. Nasema yangu kwa sababu niliichora, nikaikokotoa, nikaiota, nikaipa miaka minne ambayo mke wangu ananisimanga nayo mpaka leo.

Kurusha roketi ya watu binafsi si kuwasha moto na kukimbia. Ofisi ya anga lazima ikubali kuzifungia ndege njia. Ofisi ya baruti lazima iruhusu mafuta yasafirishwe barabarani. Ofisi ya mazingira inataka kujua ndege gani wanataga mayai wapi. Zote hizo zikishaandika, ndipo ofisi kuu inakaa kutafakari kibali chenyewe. Na kila moja, kabla ya kuandika barua yake, inataka kwanza kuona barua ya mwenzake. Uwanja wa kurushia uko mbali sana, mwisho kabisa wa nchi, na watu binafsi hupewa wiki mbili tu kwa mwaka. Kibali kikichelewa hata siku moja baada ya wiki hizo, unafunika roketi yako na turubai na kungoja mwaka mwingine.

Msimu wa kwanza tuliukosa, na aliyekuwa akishughulikia vibali ni mimi. Niliandika barua pepe arobaini na kitu, zenye heshima, zenye vichwa vya habari vilivyonyooka. Sikujibiwa hata tano. Ndipo bosi akamleta Karani, ambaye alikutana naye wapi sijui, na wafadhili wakasema wazi kwamba uvumilivu wao una kikomo.

Siku ya kwanza Karani aliomba kuona kazi niliyofanya. Nilimfungulia kompyuta. Akaangalia, akasogeza miwani, akaangalia tena.

"Papa injinia, hizi zote ulituma kwa mashini?"

"Ndiyo, mama. Kila moja iko na tarehe."

"Na nani alipokea?"

Nikasema ofisi ilipokea.

"Ofisi haina mikono," akasema. "Mutu gani?"

Mchomeleaji alicheka mpaka akavua kofia yake ya chuma. Siku hiyo hiyo nilianza kumchukia kidogo yule mama, na kumchukia ndiko nilikokuita, kwa muda mrefu, kujali weledi wa kazi.

Njia yake ilikuwa hii. Kila barua aliichapa nakala mbili. Alizitia kwenye jalada la kadibodi aliloliita fardi, kama wanavyosema kwao, akalifunga kwa uzi. Alhamisi asubuhi alikwenda mwenyewe mpaka kaunta. Nakala moja aliiacha, ya pili alitaka igongwe muhuri, yeye akiuita kashe, na aliyegonga aandike jina lake kwa mkono chini ya muhuri. Asipoandika jina Karani hakuondoka. Hakugomba, hakuinua sauti. Alisimama tu na goti lake bovu, akitabasamu, mpaka kijana wa kaunta akaona aibu. Baada ya hapo alikuwa akimuulizia kijana yule kwa jina kila Alhamisi, na kijana akawa hana pa kujificha. Alikuwa amejifunza kazi hiyo miaka mingi kabla, kwenye foleni za vibali vya ukimbizi, ambako faili la mtu linaweza kupotea naye akaambiwa hajawahi kufika.

Mara moja nilifuatana naye, kwa kisingizio cha kubeba michoro. Tulifika, akasalimia mlinzi, akasalimia mama wa usafi, akaketi. Saa nzima ikapita. Nikamwambia twende dirishani tukaulize.

"Hatuulizi kitu."

"Sasa tumekuja kufanya nini, mama?"

"Tumekuya kuikala hapa kwa benchi," akasema. "Banatuona. Mutu akikuona kila Alhamisi, anaanza kukukuta kwa ndoto."

Saa ya pili haijaisha, akatoka ofisa wa anga mwenyewe, yule ambaye miezi mitano hakujibu barua zangu. Alinipita mimi bila kunitazama, akamshika Karani mikono yote miwili na kumuuliza goti linaendeleaje. Nilikaa pale na michoro yangu mapajani. Wivu niliousikia ulikuwa wa tumboni kabisa, kama njaa ya mtu aliyeona sahani ikipita kwenda meza nyingine.

Msidhani alikuwa malaika wa subira. Subira yake ilikuwa ya ofisini tu. Barabarani alikuwa hatari: robot, yaani taa za barabarani kwa lugha ya hapa, ikiwa nyekundu yeye anavuka, akiwaelekezea madereva kiganja kana kwamba ndiye aliyeiweka. Maharage yake tuliyokula Ijumaa yalikuwa yanalia mdomoni kwa kuwa hakuweza kuyangoja yaive. Na alikuwa mwongo wa simu. "Niko karibu, nimefika hapa tu," anamwambia mtu, huku ameketi mbele yangu akimenya chungwa. Nilipomtania kwamba mtu mkweli wa mihuri anaongopa hivyo, alijibu bila haya: "Simu haina kashe, papa."

Wala roketi hakuipenda. Aliiita sufuria yenu. Tulipoijaribu injini ikiwa imefungwa kwenye kitako chake cha zege, nje ya mji, sote tulikuwa tumejipanga nyuma ya ukuta tukitetemeka kwa furaha. Karani alijifungia garini, akaziba masikio, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kushindana na injini. Baadaye aliniuliza kama kelele ile ilikuwa ya lazima au ni mimi nilikosea hesabu.

Na bado siku wafadhili walipotutembelea, mmoja akauliza nguvu ya injini ni kiasi gani, nami nikasema ngoja nifungue kompyuta ili nisikosee, Karani akaitaja. Akaitaja na uzito, na urefu, na kiasi cha mafuta, na namba ya ukurasa. Hakuelewa maana ya hata moja ya namba hizo. Alikuwa amezihifadhi kwa sababu zilikuwa ndani ya faili lake. Wafadhili wakacheka, wakampigia makofi. Bosi akasema, "Mnaona? Huyu ndiye anayeirusha." Nilipiga makofi pia. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, ndivyo mtu mwenye kijicho anavyopiga.

Nyumbani nako alinifuata. Binti yangu ana miaka kumi, amezaliwa hapa, na mimi nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akitaka kunikomesha. Nimemsihi, nimemnunulia vitabu, nimemnyima televisheni. Jumamosi moja nilimpitisha ofisini, nikamwacha na Karani nusu saa nikienda kuchukua vipuri Fordsburg. Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya meza, akifunga uzi wa fardi na kusema, "Mama Karani, hii imekazika ao bado?" Kwa Kiswahili! Tena chenye lafudhi ya Bukavu. Garini nilimuuliza kwa nini mimi hanijibu hivyo. Akafikiri kidogo akasema, "She waits for me, Baba." Yeye humngoja, ndivyo alivyosema, nami nikawasha redio.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya niandike.

Karani alikuwa na amri moja, na alitukusanya wote tisa kuitangaza, siku alipolikabidhi ofisi kuu faili letu zima, limekamilika, barua zote ndani, miezi mitatu kabla ya wiki zetu mbili. "Faili ikisha kuingia ndani, hakuna mutu anaigusa tena. Ukikuta uliandika Jumatatu na ilikuwa Jumanne, nyamaza. Ukikuta jina ya mama yako iko mubaya, nyamaza. Mukigusa, banairudisha nyuma ya foleni." Mchomeleaji akauliza kama anaruhusiwa kupiga chafya. Tukacheka, tukarudi kazini.

Wiki ile ile nilikuwa nimeboresha mdomo wa injini. Niliupunguza uzito, kilo nne nzima, na kwa watu wa kazi yangu kilo nne ni sherehe. Usiku raha ilininyima usingizi. Kisha asubuhi nikafikiria faili lililoko ofisi kuu, lenye michoro ya zamani, injini yangu imeandikwa nzito kuliko ilivyo, na mbele kabisa, kwenye nafasi ya mtu wa kuwasiliana naye, jina la Karani. Jina langu lilikuwa ndani huko, ukurasa wa sitini na kitu, ambako hakuna anayefika. Nilijiambia kwamba ukweli wa kitaalamu unadai marekebisho. Nikatuma barua pepe moja, fupi, yenye michoro mipya, na chini yake nikaweka jina langu na vyeo vyangu vyote. Nilitaka kwa mara moja tu waone roketi hii ni ya nani. Nilijua amri. Nilimsikia vizuri sana. Nilituma hata hivyo.

Hiyo barua yangu walijibu. Walijibu kwa njia ya posta, baada ya wiki mbili, kwa kampuni. Walisema kwa kuwa mwombaji amebadilisha vipimo vya injini, ombi la kwanza limefutwa, na ombi jipya litapokewa kwa utaratibu wake.

Bosi aliisoma kwa sauti katikati ya ghala. Msimu wa pili ulikuwa umekufa pale pale, na sote tulijua. Wafadhili walikuwa wamesema tukikosa huu watangoja mmoja tu zaidi, na hata kwa huo wangeweza kubadili mawazo. Barua haikutaja nani amebadilisha. Ilisema "mwombaji", na jina lililokuwa mbele ya faili lile lilikuwa la Karani.

"Umetuma michoro gani?" bosi akamuuliza.

"Nilituma ile munanipatiaka."

"Basi umechanganya. Umetia mipya na ya zamani." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, uso wake umekuwa wa kijivu. "Mama, tumekupa kitu kimoja tu cha kutunza."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na bisibisi mkononi. Mdomo wangu ulikuwa na maneno yote tayari. Karani hakubishana. Aliuliza tu kama anaweza kupewa nakala ya barua ile. Alipopewa alipanguza miwani yake kwa ncha ya kitenge, akaisoma yote, akaitia kwenye fardi. Mimi nikarudi kwenye injini yangu na kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Alipewa mpaka mwisho wa mwezi aondoke. Nilidhani ataondoka siku hiyo hiyo, mimi ningeondoka. Alikaa wiki zote hizo akiandaa ombi jipya kutoka mwanzo, nakala mbili mbili, kwa michoro yangu mipya. Alinijia mezani mara nyingi kuomba sahihi. Nilisaini bila kuinua macho. Alhamisi yake ya mwisho alilipeleka faili lote kaunta, akarudi na kashe na jina la aliyegonga, akaviweka mezani kwa bosi, akamuaga kila mtu kwa mkono. Kwangu alisema, "Bakia muzuri, papa injinia." Nikamwambia asante. Kitu cha aibu kuliko vyote ni kwamba alipotoka mlangoni niliona nafuu. Nilifikiri sasa pale ndani patakuwa na nafasi yangu.

Kibali kilitoka baada ya miezi kumi na mitatu, siku kumi na moja kabla ya uwanja kufunguliwa. Ombi lilikuwa lile lile la Karani, hakuna aliyeligusa. Tuliirusha roketi siku ya tatu, asubuhi, anga safi. Injini yangu iliunguruma sekunde zake zote bila kukohoa, na mchomeleaji akanibeba mgongoni akikimbia kwenye mchanga. Nilikuwa nimeingoja siku ile miaka saba. Kisha simu ya uwanja ikalia, ofisa wa anga akitupongeza kutoka mjini, nami nikawahi kuipokea. Akasema hongereni sana. Akasema, "Nipe Karani niongee naye." Nikamwambia hayupo. Akasema basi msalimie, akakata. Hata pale, nikiwa na mchanga masikioni na roketi yangu ikiwa imerudi salama na parachuti yake, nilimwonea wivu.

Sikumtafuta. Ingependeza niseme nilimtafuta, lakini miezi minne ilipita, na ni mke wangu aliyenieleza kwamba kuna mama Mkongomani mwenye goti bovu ana meza Fordsburg, ndani ya lile soko kubwa la maduka, ghorofa ya chini, nyuma ya wauza vitambaa, anawaandikia watu fomu na barua za maombi. Mke wangu alikuwa hajui niliyoyafanya. Nilimwambia jioni ile. Akaniambia niende kesho na nisirudi na hadithi.

Nilimkuta. Meza ndogo, kiti cha plastiki mbele yake, fardi zimepangwa sakafuni. Watu sita walikuwa kwenye benchi wakisubiri, nami nikaenda moja kwa moja mezani kwa mazoea ya kujiona mtu. Akainua macho, akanitambua, akanionyesha benchi kwa kalamu. Nikakaa mwisho wa foleni. Nilingoja saa moja na nusu. Nikamwona akiwasikiliza watu mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alisogeza kiti chake karibu.

Zamu yangu ikafika.

"Papa injinia. Uko na kartasi gani?"

"Sina karatasi, mama. Nimekuja kusema kitu." Nikakisema. Nilikisema chote, barua pepe, jina langu chini, bosi na barua yake, mimi na bisibisi. Nikamwambia na sababu, kwamba ilikuwa wivu, kwa maana nisingesema hilo nisingekuwa nimesema kitu.

Alisikiliza akiwa anapanga kalamu zake.

"Ile mi najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Alhamisi ya wiki ya ile barua. Nilienda kuuliza nani aligusa faili. Bakanionyesha. Jina lako iko pale."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia bosi. Alikuwa na ushahidi mkononi, angebaki kazini, mimi ningefukuzwa. Nadhani nilikuwa nimeshaanza kulia, kwa sababu mama mmoja kwenye benchi aligeuza uso.

"Nilikukasirikia, papa. Nililia kwa choo ya ile ofisi, na mama wa usafi alinishika. Nikaandika barua kwa bosi, nakala mbili." Akavua miwani. "Kisha nikafikiri. Injini inasainiwa na wewe. Faili mupya iko na sahihi yako kwa ukurasa kumi na ine. Bakikufukuza, injinia mwingine atakuya, atabadilisha namba, na faili inaanza mara ya tatu. Ile musimu ya mwisho munaikosa. Batu tisa banaenda nyumbani."

"Kwa hiyo ulinisamehe."

"Hapana," akasema, bila ubaya wowote. "Nilikuacha ndani ya faili."

Kisha akaniuliza.

"Ripoti ya kufunga, mulipeleka? Ile ya nyuma ya kuruka. Banapatiaka siku makumi tatu tu."

Nikajaribu kukumbuka. Hakuna mtu ofisini aliyewahi kuitaja ripoti hiyo. Nikatikisa kichwa.

Hapo ndipo Karani alipokasirika kweli. Alipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Miezi ine! Eish! Miezi ine faili iko wazi!" Alisema faili lililoachwa wazi litakuja kutuzuia mwaka kesho, na mwaka wa kesho kutwa, na kwamba yeye hakulala mwezi mzima kwa ajili yake. Watu wa vitambaa walichungulia. Kwa faili alikuwa na machozi. Akanipa karatasi tupu, akanitajia vichwa vya ripoti haraka haraka, nami nikaandika juu ya goti, na nilipomaliza akaniambia nakala mbili, Alhamisi, niende mwenyewe.

"Na mama," nikaanza.

"Sharp, papa, imetosha. Batu banangoja."

Nikainuka. Mwanamke aliyekuja nyuma yangu alikuwa na mkoba wa plastiki na mtoto mgongoni, na alikuwa hajasema hata neno. Karani alikivuta kiti chake mbele mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akamshika mkono, akamwambia aanze pole pole, kuna nafasi. Kwangu hakukisogeza. Nilisimama kati ya marobota ya vitambaa na karatasi yangu mkononi, nikamwangalia yule mwanamke akianza kueleza shida yake, na nilitamani shida ile iwe yangu.